Oili ya AC haitiwi kwa jicho

Tangu kipindi chetu cha gari za wazee kitoke, swali lililorudi mara nyingi kwenye WhatsApp halikuwa la injini, wala la rangi, wala la wapi pa kupata taa za nyuma. Lilikuwa hili: "Nimetengeneza AC ya gari ya baba, karibu kila kitu kipya, nitie oili kiasi gani?" Wameuliza watu wa hapa Muscat, ameuliza mmoja wa Dubai mwenye Datsun, na ameuliza dada mmoja wa Houston, ambako joto na fukuto lake, kwa wanavyotusimulia, ni ndugu na la kwetu. Kipindini tulilijibu kwa dakika mbili tukapita. Halistahiki kupitwa. Kompresa ya gari ya zamani ikifa miezi michache baada ya kutengenezwa, watu husema "gari imezeeka". Mimi siku hizi nauliza kwanza habari ya oili: ilikuwepo? Ilizidi? Ilikuwa ya aina gani?

Nitaeleza kwa gari moja ninayoijua vizuri, Chevrolet Caprice Classic ya 1984, ya baba yangu.

Waliokulia Ghuba wanaijua Caprice bila ya kuelezwa. Kwa wengine: ni gari ya Kimarekani ndefu kama jahazi, siti ya mbele inakaa watu watatu, na miaka ile ilikuwa kila mahali, kuanzia harusini mpaka kwenye teksi. Baba alifika Muscat kutoka Unguja katika miaka ya sabini, pamoja na wengi waliorudi wakati nchi inajengwa upya. Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na takriban kilomita 10 tu za lami. Mtu aliyeziona barabara zikizaliwa moja moja, akanunua gari mpya kwa mshahara wake mwenyewe, humwambii "Baba, uza tu, tununue Corolla." Kaka yangu aliye Bristol alimwambia hivyo. Simu ilikatika, na mpaka leo kila mmoja anasema ni mtandao.

Ila sasa baba ana miaka 78 na daktari wake hataki kumsikia juani. Na Caprice ilikuwa imeua kompresa mbili katika misimu miwili ya joto. Baada ya ya pili baba alitoa hukumu mezani, tukila: "Ya tatu ikifa, naiuza." Kijana mmoja wa Sohar alikuwa ameshampigia simu mara tatu. Kwa hiyo kwetu hii haikuwa habari ya starehe. Gari isiyo na AC hapa, kuanzia Mei mpaka Septemba, haina tofauti na gari isiyo na magurudumu. Quriyat, mwendo wa kama saa moja kutoka Muscat, tarehe 26 Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana. Hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu ya baridi ya siku.

Sasa tuingie ndani ya boneti.

Wengi wetu tunaifahamu oili kwa ya injini. Ina beseni lake, ina kijiti cha kupimia, ikipungua unaongeza, ikichafuka unamwaga. Oili ya AC haiishi hivyo. Mfumo umefungwa, hauna moshi wala mwako, kwa hivyo oili hailiwi. Inasafiri. Kompresa inasukuma gesi, na gesi inabeba matone ya oili: inapita nayo kwenye kondensa mbele ya rejeta, inapita kwenye kijitundu chembamba kinachoishusha nguvu, inaingia evaporeta, ile yenye ubaridi inayopuliziwa na feni ya ndani, kisha inarudi kompresa. Wakati wowote ukiuzima mfumo, oili imetawanyika: kidogo kwenye kompresa, nyingi kwenye evaporeta, kidogo kwenye kondensa, kidogo imelowesha kuta za mipira.

Hapo ndipo lilipo jambo lote. Kitabu cha gari kinaposema, kwa mfano, aunsi 6 za oili, hakisemi aunsi 6 za kompresa. Kinasema aunsi 6 za mzunguko mzima. Ukifungua kompresa ya zamani ukakuta mna aunsi 2, zile 4 hazikupotea; zimo njiani. Fundi akitia kompresa mpya yenye aunsi 6 bila ya kusafisha njia, mzunguko sasa una 10. Na fundi mwingine akibadilisha kila kitu, kondensa mpya, evaporeta mpya, mipira mipya, halafu akatia aunsi 2 kwa sababu "ndizo zilizotoka kwenye ile ya zamani", mzunguko una theluthi ya haja yake. Wote wawili wamepima. Wote wawili wamekosea.

Kazi yangu ni hesabu za makampuni, na nilipolielewa hili nilicheka peke yangu. Ni leja tu. Kilichokuwemo, kilichotoka, kilichoingia, na salio lazima lifanane na lile la kitabuni.

Aliyenifahamisha ni mzee mmoja rafiki wa baba, mzaliwa wa Ng'ambo, aliyestaafu baada ya miaka mingi ya kutengeneza viyoyozi vya majengo na magari. Sote nyumbani tunamwita Ami. Siku ya kwanza alikuja na chupa tupu ya maji, akauliza: "Kompresa zilizokufa ziko wapi?" Moja ilikuwa imeshatupwa. Ya pili ilikuwa bado imo garini. Akasema basi hatuzungumzi mpaka tuifungue tuione imekula nini.

Hadithi ya ya kwanza niliipata kwa kuunganisha risiti. Gereji moja mjini iliivua kompresa ya zamani, ikafunga nyingine, ikatia gesi ya R-134a, ikatoa bili. Hakuna mstari wa oili kwenye risiti. Lile kopo la kukaushia halikubadilishwa. Oili iliyobaki ndani ya mfumo ilikuwa ile ya asili ya gari, oili ya madini, iliyoundwa kwenda na gesi ya zamani ya R-12. Na hii ndiyo ndoa isiyofungika: oili ya madini haichanganyiki na R-134a. Gesi inakwenda, oili inabaki pale ilipo, hasa kwenye evaporeta ambako ni baridi na oili inakuwa nzito. Kompresa inazunguka kavu. Ile ilizunguka tangu Aprili, na Julai ilikwama kwenye foleni ya Ruwi mkanda ukitoa moshi.

Ya pili ilikuwa kinyume chake. Gereji nyingine, wao wakasikia kuwa ya kwanza ilikufa kwa ukavu, wakajaza "kwa usalama". Kiasi gani? Hakuna aliyeandika. Halafu gesi ilikuwa ikivuja polepole, na kila ikipungua baridi kulinunuliwa kopo la gesi dukani, yale yenye gesi na oili humo humo, likaongezwa. Makopo manne kwa msimu mmoja. Watu hawajui kuwa gesi inayovuja polepole huacha sehemu kubwa ya oili ndani. Kwa hiyo kila kopo liliongeza oili juu ya oili. Tulipoifungua, Ami akimwagia kwenye chupa yake na mimi nikisoma alama, tulipata mililita 410 kutoka kwenye kompresa, kopo la kukaushia na zile paipu tulizoweza kuzipuliza. Haja ya gari ile ni kama mililita 180.

"Mwanangu," Ami akasema, "hii si AC tena, hili birika."

Oili ikizidi haisaidii kulainisha zaidi. Inajipaka ndani ya kuta za evaporeta na kondensa kama shahamu kwenye sufuria, na joto halipiti vizuri. Inachukua nafasi ya gesi. Baridi inapungua, presha ya upande wa juu inapanda, dereva anadhani gesi imekwisha, anaongeza kopo jingine. Na siku ambayo dimbwi la oili linarudi kompresa kwa mkupuo mmoja, pistoni inajaribu kukibana kitu kisichobanika. Gesi unaibana, kimiminika hakikubali. Tulipoifungua ile kompresa, zile valvu zake nyembamba, bati jepesi kama wembe, mbili zilikuwa zimevunjika.

Caprice yetu ina kompresa inayoitwa R4, ya General Motors, fupi na ya duara kama kopo la biskuti, yenye pistoni nne zilizotazama pande nne. Nataja jina kwa sababu kompresa si zote sawa, na jibu la oili linabadilika. Gari za GM za zamani zaidi, tangu miaka ya sitini, zilikuwa na A6, ile ndefu na nzito kama mtungi mdogo. A6 ina hodhi yake ya oili na pampu yake ndani, na mfumo wake hutaka oili nyingi, kama aunsi 10. Ford na wengine wengi walitumia York, yenye pistoni mbili zilizosimama. Hiyo ina hodhi na skrubu ya pembeni, unaifungua na kutumbukiza kijiti upime. R4 haina hodhi. Inaishi kwa ile oili inayorudi na gesi, dakika kwa dakika, kama mtu anayekula kwa kibarua cha siku. Ikikosa siku moja, inalala na njaa. Ndiyo maana imepata jina baya, kwa maoni yangu bila ya haki. Ikipewa oili yake sawa na sili zake zikiwa nzima, inafanya kazi miaka. Ile ya asili ya baba ilidumu zaidi ya miaka 25.

Na kwa R4 kuna sehemu moja ndogo inayostahiki salamu. Baada ya evaporeta kuna kopo la aluminiamu, akumuleta, ambalo mafundi wengi hapa huliita draya tu. Linazuia gesi ambayo bado ni maji maji isifike kompresa. Lakini oili nayo ni maji maji, na ingenaswa humo milele, kwa hiyo chini kabisa ya bomba la ndani kuna kitundu kidogo mno chenye chujio, na hapo ndipo oili inaponyonywa kidogo kidogo kurudi kompresa. Kompresa iliyokufa ikitapika unga wa chuma, kitundu kile kinaziba. Ukifunga kompresa mpya na kuacha akumuleta ya zamani, umeifungia mpya mdomo. Akumuleta hapo haisafishwi, inabadilishwa. Wala usitegemee kumwaga oili yake yote uipime. Sehemu yake imejificha kwenye zile chembe za kukausha unyevu, na hesabu lazima iiongezee kitu.

Kuhusu aina ya oili, inabidi nirudi nyuma kidogo. R-12 ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na timu ya Thomas Midgley wa General Motors, mtu yule yule aliyeleta risasi kwenye petroli. Bahati mbaya ya bin-adamu mmoja, kuwa na mikono miwili na kila mmoja kuharibu anga kivyake. R-12 ina klorini, na klorini ndiyo iliyokuwa ikila tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuizima. Nchi tajiri ziliacha kuitengeneza kufikia 1996, na nchi zinazoendelea zikapewa mpaka 2010. Lakini klorini hiyo hiyo ilikuwa na faida ya siri kwenye kompresa: ilisaidia kulinda vyuma visisuguane. R-134a haina klorini, kwa hiyo oili inabeba kazi yote peke yake. Ndiyo maana kosa la oili ambalo R-12 ingelisamehe, R-134a hailisamehi. (Na R-134a yenyewe siku zake zinahesabika: makubaliano ya Kigali ya 2016 yanaipunguza hatua kwa hatua, safari hii kwa sababu ya kupasha dunia joto. Gari ya baba itazika gesi ya pili.)

Kwa R-134a kuna oili za aina mbili zinazopatikana madukani. PAG, ambayo ndiyo gari nyingi za kisasa hutoka nayo kiwandani, inauzwa kwa unene tofauti: 46, 100, 150. Kwa R4 watu hutumia 150, ile nene. Nyingine ni esta. PAG inalainisha vizuri sana, lakini haipatani na mabaki ya oili ya madini na ya klorini yaliyobaki kwenye mfumo wa zamani, na inanyonya unyevu wa hewani kama mchele uliosahauliwa wazi wakati wa masika. Esta nayo inanyonya, ila kwa upole zaidi, na inastahamili mabaki ya oili ya zamani.

Ami alisema esta, na mimi nikakubaliana naye, kwa sababu evaporeta yetu ni ya asili. Kuitoa ni kazi, na hata tuisafishe vipi kutabaki kitu cha 1984 kwenye kona zake. Mtu aliyebadilisha kila kipande na ana mfumo mkavu kabisa, PAG 150 ni chaguo zuri tu. Kitu kisichofaa ni kuchanganya, nusu hii nusu ile, kwa sababu chupa ya kwanza haikutosha. Na chupa iliyofunguliwa wiki mbili zilizopita ikakaa juu ya rafu ya gereji mjini Muscat mwezi wa Agosti, hiyo tumia kulainisha bawaba za mlango wa uani.

Kusafisha kulituchukua asubuhi nzima. Mipira ilikuwa ya kizamani, ambayo R-134a inapenya ndani yake, kwa hiyo tulitengenezesha mipya yenye tabaka la kuzuia gesi. Kondensa tulinunua mpya, ya aina ya mirija bapa inayokwenda sambamba, maana ile ya zamani imeundwa kwa R-12 na kwenye joto letu R-134a inataka kupoozwa zaidi. Evaporeta tuliipitishia maji maji ya kusafishia, mara nne, mpaka yakatoka meupe, halafu tukaipulizia naitrojeni mpaka ikakauka. Hapo Ami hakuwa na mzaha. Maji ya kusafishia yakibaki ndani huichuja oili mpya, ikawa nyepesi kama chai ya pili.

Kompresa ilikuja kwenye boksi ikiwa na karatasi isiyosema lolote la maana. Baadhi ya kompresa huja kavu, baadhi zina oili ya usafirini tu, na baadhi zina oili kamili. Sanden nyingi, ambazo watu hupenda kuzifunga kwenye gari za zamani badala ya York, huja na oili ya mfumo mzima tayari tumboni. Kwa hiyo hata boksi likisema nini, geuza kompresa, izungushe kwa mkono, iachie imwagike, upime. Yetu ilitoa kama kijiko kimoja cha chai. Tukakimwaga.

Kipimo tulichotumia ni chupa ya maziwa ya mwanangu, aliyekwishaachishwa. Ina alama za mililita upande mmoja na aunsi upande wa pili. Nasema hivi kwa sababu aunsi inawachanganya watu: aunsi ya oili ni ya ujazo, karibu mililita 30. Aunsi iliyoandikwa kwenye kopo la gesi ni ya uzito, kama gramu 28. Mmoja wenu alituandikia akizijumlisha zote kwenye hesabu moja.

Mfumo wetu ulikuwa umesafishwa mtupu, kwa hiyo tulianza na sifuri na tukahitaji kiasi chote: aunsi 6, yaani mililita 180. Usichukue namba hii kwa gari yako. Hiyo R4 hiyo, kwenye mifumo mingine ya GM, hutakiwa aunsi 8. Tafuta ya kwako kwenye kitabu cha huduma cha mwaka wako. Tuligawa hivi: 60 kwenye kompresa, 60 kwenye evaporeta kupitia mdomo wake wa kuingilia, 30 kwenye akumuleta, 30 kwenye kondensa. Niliuliza kama mgao huo ni sheria. Ami akasema mgao si kitu. Dakika kumi za kuzunguka, oili itajigawa yenyewe inavyotaka. Kinachobaki ni jumla.

Kwa nini basi usiimimine yote kwenye kompresa ukapumzika? Kwa sababu ya lile jambo la kimiminika kisichobanika. Kompresa iliyojaa ikiwashwa ghafla inaweza kuvunja valvu siku hiyo hiyo ya kwanza. Hata na zile mililita 60, kabla ya kuwasha tuliizungusha kwa mkono mara kumi na tano, tukishika ile sahani ya mbele ya klachi. Ukishika puli ya mkanda itazunguka bure, maana klachi haijashika. Baba alikuwa amekaa kivulini kwenye kiti chake, akihesabu kwa sauti.

Oringi zote mpya, na tulizipaka oili ya madini, wala si esta wala PAG. Huku nje ya mzunguko, kwenye nyuzi za nati, unataka kitu kisichovuta unyevu.

Kisha pampu ya vakyumu, dakika 60. Utasikia watu wakisema usitie oili kabla ya vakyumu, itanyonywa. Hainyonywi. Vakyumu inachemsha maji, ndiyo kazi yake, kuutoa unyevu; oili inabaki pale pale. Tukafunga vali tukanywa chai nusu saa, sindano ya geji haikusogea. Gesi tukaitia kwa mizani. Kibandiko cha asili chini ya boneti kilitaka kilo 1.6 za R-12, na ukihamia R-134a unatia kama asilimia 80 mpaka 85 tu ya uzito huo. Tulianza na kilo 1.3 na hatukuongeza. Makopo tuliyonunua yalikuwa ya gesi tupu. Soma kopo kabla hujalipa: likiwa na oili, au lile dutu la kuzibia uvujaji, lirudishe rafuni. Leja haiwezi kufungwa kama kuna mtu anaingiza pesa kwa mlango wa nyuma.

Hiyo ilikuwa Machi mwaka jana. Kompresa imeshapita msimu mzima wa joto na baba yu garini kila Ijumaa, vioo juu, kanzu haina jasho, na anazima AC mita mia kabla ya msikiti ili watu wasidhani anaringa. Kaka wa Bristol alikuja Disemba, akapandishwa siti ya nyuma, akapelekwa Nizwa na kurudishwa. Hakusema kitu kuhusu Corolla.

Wale mliouliza mfumo ukiwa mzima muongeze oili lini: mnaongeza pale tu kitu kinapotoka. Umebadilisha kondensa, ongeza ile iliyotoka na kondensa ya zamani. Kwa GM za zama zile huhesabiwa kama aunsi 1. Evaporeta, aunsi 3. Mpira umepasuka barabarani na kumwaga oili kwenye injini yote, hapo huwezi kujua kimebaki nini, na suluhisho ni kusafisha na kuanza na sifuri. Lakini gesi ikipungua kidogo baada ya miaka miwili na huoni alama ya oili popote kwenye viungo, tafuta panapovuja, paziba, tia gesi, oili iache.

Na andika. Fundi atakayekuja baada yako hana njia ya kuona ndani ya aluminiamu. Chini ya boneti ya Caprice, pembeni ya kile kibandiko cha kiwandani, baba alibandika karatasi ya plastiki, kwa mwandiko wake wa skuli ya Unguja, Kiswahili juu na Kiarabu chini: "R-134a, kilo 1.3. Oili ya esta, mililita 180, mfumo mzima. Machi. Usiongeze oili bila ya kumuuliza mwenye gari."